Aliyekufa kwa Nusu Sentensi

"Ningekuuliza saa ngapi, mama, na wewe ulikuwa tayari unaza—"

"Usinikate! Hukuniuliza, umechomoa tu kalamu yako huko—"

"Penseli. Na ulikuwa unazama!"

"Nazama, ndiyo, si kuzama kwangu? Kulikuwa kwako?"

"Kwa hiyo mtu akizama niite kwanza, samahani mama, uko tayari kuokolewa, au nirudi ukishamaliza?"

"Unafanya mzaha? Miaka kumi na moja nimesimama na mzigo kichwani, wewe unafanya mzaha?"

Walikuwa wanapayuka kwa pamoja, kila mmoja juu ya maneno ya mwenzake, katikati ya chumba cha kusomea cha Nyumba ya Vitabu, mahali ambapo hata chafya huombewa ruhusa. Mmoja alikuwa Sikudhani, msomaji, mtu wa mwili mdogo na ulimi mkubwa, aliyewahi kusimamishwa masomo kwa kubishana na tanbihi za mwalimu wake, na hakurudi tena kwa sababu bado alikuwa hajamaliza kubishana. Wa pili hakuwa na jina. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, shingo nene kuliko paja, na juu ya kichwa chake, kwenye kata ya majani, ulikaa mzigo uliofungwa kwa kamba za ukindu. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa analowa. Akisogea hatua moja anaacha dimbwi. Akisogea ya pili, dimbwi linamfuata.

Alikuwa ametoka ukurasa wa mia mbili na kumi na saba.

Usiniulize alitokaje. Mji wenyewe ulikuwa wa hivyo. Haukuwa na jina, au lilikuwepo, mtu akaliazima na hajalirudisha. Wakati ulipimwa kwa kurasa. Asubuhi iliitwa dibaji, mchana ni pale wahusika wanapoanza kukosana, na mtu akichelewa haambiwi umechelewa, anaambiwa umeruka sura. Walikuwepo waliozeeka kwa kitabu kimoja kirefu. Alikuwepo bwana mmoja wa mtaa wa nyuma aliyerudia riwaya ile ile mara arobaini hadi ndevu zikapukutika, meno ya utoto yakarudi, mke wake akasema huyu mimi simlei, nimeshalea watano.

Na mji ulikuwa na desturi yake. Ukirudisha kitabu unaandika jibu. Sentensi moja, kwa penseli, ukurasa wa mwisho, mara moja tu kwa kila kitabu katika maisha yako yote. Watu huandika mambo kama haya: Nililia ukurasa wa tisini. Huyu bwana amwoe tu tuondoke. Sikuelewa ila nilipendezwa. Ukishaandika, basi; ukijaribu kuongeza neno, penseli inateleza kama unaandika juu ya kioo. Majibu ya ukurasa wa mwisho hayaguswi. Lakini anayeandika ndani, katikati ya hadithi, kazi yake hufutwa. Mara moja kwa mwaka hupita Mfutaji, rafu kwa rafu, na leo ndiyo ilikuwa siku yake.

Sikudhani aliandika ndani. Hilo ndilo kosa lake, na alilifanya akiwa na akili zake zote mbili, ya kawaida na ile nyingine.

Maana yeye alikuwa na namna yake ya kusoma. Riwaya za zamani, zile za wafalme na misafara na vita vya babu za babu, alizisoma kama mtu aliyepewa picha ya harusi ya watu mia tatu akaambiwa tafuta ndugu yako. Hakumfuata mfalme. Mfalme ana watu wa kumfuata, ana sura nzima ya kuamka na sura nzima ya kuvaa, akiwa na huzuni mvua inanyesha, akifurahi ndege wanaitwa kazini. Sikudhani alimtafuta aliyebeba kiti cha mfalme. Yuko wapi? Amekula? Mfalme alipotafakari juu ya kilima kurasa tatu kuhusu upweke wa wakuu, kiti kilikuwa kichwani mwa nani? Na swali likamkaa kooni miaka na miaka, halishuki halitoki: nani anagawa kurasa? Nani alikaa mahali akasema huyu apewe mia nne na huyu apewe nusu sentensi? Ni mwandishi? Au mwandishi naye alikuta zimeshagawiwa, yeye akapanga tu foleni? Na mtu anayekufa ndani ya kitabu cha mambo ya kale, je, mwandishi amemuua, au alimkuta amekufa siku nyingi, hana kaburi, akamchimbia kaburi la maneno manne kwa sababu ndiyo nafasi aliyokuwa nayo? Sikudhani hakujua. Alichojua ni kwamba yeye, aliyekaa kwenye kiti na chai yake, ndiye aliyegeuza ukurasa. Na ukurasa usingegeuka, mto usingefika.

Riwaya yenyewe ilikuwa nene, ya Jemadari na msafara wake. Ukurasa wa mia mbili na kumi na saba msafara ukavuka mto, na kitabu kikasema hivi:

Mto ukawapunguza: punda watatu, gunia la chumvi, na mpagazi mmoja, mwanamke.

Nukta. Mstari uliofuata Jemadari alikuwa anatazama mbali na kuwaza juu ya hatima.

Siku ile Sikudhani aliweka kikombe chini. Akapita. Akarudi. Akapita tena, akafika hadi kwenye hatima ya Jemadari, akarudi. Akashikwa na hasira ya kijinga, hasira ya mtu anayeigombeza karatasi. Chini ya mstari ule palikuwa na nafasi nyeupe, upana wa vidole viwili. Akachukua penseli na kuandika, kwa kukandamiza: Alivuka.

Akafunga kitabu, akakirudisha, akaenda kula. Alijiona amefanya jambo.

"Ulifanya nusu ya jambo," alisema mwanamke, kana kwamba amemsikia akiwaza. "Umeandika alivuka. Nimevuka. Halafu? Umeandika nikafanya nini?"

"Nilidhani ungeendelea mwenyewe."

"Niendelee na nini? Hukuniandikia njia. Hukuandika nikatua mzigo. Nimetokea ukingoni, nimesimama. Jua halisogei. Nataka kukaa, magoti hayajaandikiwa kukunjika. Nataka kugeuza shingo nione kama wenzangu wanakuja, shingo haiendi. Nikasema labda huyo aliyeniokoa ameenda kujisaidia, atarudi. Miaka kumi na moja, binti yangu. Hata mfalme hakai chooni hivyo."

Sikudhani alitaka kucheka akaona si mahali pake.

"Na kila mwaka, siku moja," mwanamke aliendelea, sauti sasa imeshuka, "maji yananifuata palepale nilipo. Yanapanda hadi kidevuni. Nayanywa. Nasema basi, ndiyo hii. Halafu baada ya muda, sijui mfupi sijui mrefu, nakuta niko tena ukingoni. Sijui kwa nini yanakuja, sijui kwa nini yanarudi. Leo nimesikia kitabu kinafungwa kamba, nikasema sitangoja tena. Kama unaniokoa, niokoe hadi mwisho. Kama huwezi, niache nimalize kuzama, nipumzike."

Sikudhani akageuka kutazama meza. Kweli. Kitabu cha Jemadari kililala pale peke yake, na kamba nyekundu imekizunguka. Kamba nyekundu maana yake ghala. Kitabu kilichochakaa huwekewa kamba, hufutwa mara ya mwisho, hufungwa, hupelekwa ghalani, na hakuna anayekiazima tena hadi dunia iishiwe karatasi.

Hapo ndipo miguu yake ilipopata baridi. Akatazama chini. Dimbwi lilikuwa limemfikia, ndala zake zinaelea. Shingo ikaanza kumuuma, pale nyuma, kama mtu aliyebeba kitu asichokiona. Akatazama yule mwanamke na ghafla hakuwa na uhakika.

Nani alikuwa anamsoma mwenzake?

Labda mimi ndiye niliye kwenye nusu sentensi, Sikudhani aliwaza.

Labda kuna mtu mahali ameweka kikombe chini.

Aandike haraka, tafadhali. Na aandike vizuri kuliko nilivyoandika mimi.

"Dada Siku," ilisema sauti ya mtu anayetafuna. "Naona una mgeni. Mgeni ananilowesha sakafu."

Alikuwa Mwinjuma, Mfutaji. Mwanamume mnene, mpole, kapu la mikate ya jana mkononi. Mfutaji wa kweli hatumii raba. Raba inachubua karatasi. Anatumia mkate uliokauka kidogo, anauminya kidonge, anasugua taratibu, uandishi unaondoka na makombo. Nusu ya mkate inafuta, nusu inaliwa. Ndiyo sababu wafutaji wote wa mji ule walikuwa wanene na hakuna aliyewahi kuacha kazi.

"Mwinjuma, usifute hicho," alisema Sikudhani.

"Kipi?"

"Chenye kamba."

"Hicho ndicho cha kwanza. Kurasa zimelegea, kinaenda ghala. Nakifuta, nakifunga tena, kwaheri." Alishavuta kiti, akaketi, akalegeza kamba.

"Ukifuta, huyu anakufa."

"Nani?"

"Huyu hapa."

Mwinjuma akamtazama mwanamke kuanzia kwenye mzigo hadi kwenye dimbwi. "Pole sana, mama."

"Sijafa bado."

"Basi pole ya mapema."

"Nasema kweli, Mwinjuma. Niliandika ndani. Ni kosa langu, nakubali, nipe adhabu yoyote, nifagie nyumba nzima, lakini lile neno liache. Kikishaingia ghalani hakuna tena atakayelisoma wala kuliandika."

"Nikiacha lako, kesho nitaacha na la yule aliyemchorea malkia masharubu."

"Na lile ni langu."

"Najua ni lako, dada Siku. Nimefuta masharubu yale nikicheka hadi nikapaliwa." Alishafika mia mbili na kumi na saba, vidole vyake vilijua njia. "Ila hili unaloliombea, nani kakwambia ni lako? Hebu njoo utazame. Huu mwandiko wako?"

Sikudhani akainama. Alivuka. Neno lilikuwa pale, kwa herufi nyembamba zilizolala upande wa kushoto, kama zimepigwa upepo. Yeye herufi zake zilisimama kama watu wanaogombana.

"Si wangu," alisema.

"Wako niliufuta mwaka uleule. Nakumbuka, ulikandamiza hadi karatasi ikatoboka, nilikutukana siku mbili. Mwaka wa pili nafungua, nakuta tena, alivuka, mwandiko wa mtu mwingine, mtu mzima, mkono unatetemeka. Nikafuta. Mwaka wa tatu, mwingine, huyo aliandika na kuchora mistari miwili chini. Nikafuta. Mwaka jana yupo aliyeandika kwa herufi kubwa. Huyu wa leo ni wa kumi na moja."

"Wananakiliana?"

"Wanakili nini na mimi nimefuta? Nafuta hadi karatasi inang'aa! Hakuna aliyemwona mwenzake. Kila mmoja kafika pale peke yake, kashindwa kupita. Jibu lake moja la maisha kaliacha hapo badala ya kuliweka nyuma akasifiwa." Mwinjuma alikuwa anaeleza kwa mkono mmoja, kidonge cha mkate kipo kwenye mkono wa pili. "Nami nasema kila mwaka, hawa watu wana nini na huu ukurasa?"

Sikudhani akaona nafuu. Miaka kumi na moja alijiona mwizi wa mtu mmoja, mwenye siri, mwehu wa peke yake anayegombana na karatasi. Kumbe walikuwa foleni. Kumbe mahali fulani mjini kuna watu kumi ambao nao waliweka kikombe chini, na amekuwa akipishana nao sokoni akinunua nyanya, hawajuani. Akaona raha. Akaona na wivu kidogo, sitakuficha, maana alikuwa amezoea kuwa wa kwanza na wa mwisho.

"Watu kumi na moja?" aliuliza mwanamke.

"Kumi na moja, mama."

"Na hakuna hata mmoja aliyefikiria shingo?"

Sikudhani akacheka. Mwinjuma akacheka. Na katika kule kucheka, Sikudhani akaona mkono wa Mfutaji.

Mkono ulikuwa unakwenda. Wenyewe. Taratibu, mviringo mdogo mdogo, kama unavyokwenda miaka yote, na mwenye mkono anaongea habari nyingine. Makombo yalikuwa yamejaa kwenye mkunjo wa kitabu. Chini ya mstari palikuwa peupe, panang'aa.

"Mwinjuma!"

"Nini?" Akatazama chini. "Lo."

Maji hayakuingia kwa mlango. Yalipanda tu, kutoka kwa yule mwanamke, yakamzunguka yeye peke yake kama yamemkumbuka, kiunoni, kifuani. Hakupiga kelele. Alishika mzigo kwa mikono miwili usilowe, na hilo ndilo lililomuuma Sikudhani kuliko yote, kwamba hata sasa analinda mzigo.

Sikudhani akanyakua penseli. Akaandika, penseli ikateleza. Akakandamiza; ikateleza. Jibu lake alishalitoa miaka kumi na moja iliyopita. Karatasi haikumtambua.

"Andika wewe!"

"Mimi?" Mwinjuma alikuwa amesimama, makombo yanamdondoka tumboni. "Mimi nafuta."

"Una jibu lako. Hujawahi kulitumia kwenye hiki kitabu, au umewahi?"

"Sijawahi kutumia kwenye kitabu chochote. Nitajibu nini? Sijawahi kusoma."

"Miaka yote hii?"

"Nasoma ya pembeni, dada Siku. Ya katikati si kazi yangu. Naangalia penseli, natoa penseli."

"Basi leo soma ya katikati! Mstari mmoja, Mwinjuma, mmoja tu!"

Maji yalikuwa shingoni. Mwinjuma akainama juu ya ukurasa, kidole chini ya maneno, akasoma kwa sauti, kama mtu anayevuka yeye mwenyewe kwa kupapasa mawe: "Mto ukawapunguza... punda watatu... gunia la chumvi... na mpagazi mmoja, mwanamke."

Akangoja. Akageuza ukurasa kutafuta panapoendelea. Akarudi.

"Kumbe ni hivi tu?"

"Ni hivi tu."

"Chumvi imetangulia?"

"Chumvi imetangulia."

Uso mpana wa Mwinjuma, uliokuwa na amani ya mkate siku zote, ukafanya kitu ambacho Sikudhani alikijua vizuri, maana aliwahi kukiona kwenye kioo.

"Jamani," alisema mwanamke, kidevu kimeinuliwa, maji mdomoni, "mtajadili baadaye."

Mfutaji akachukua penseli. Aliishika kama kijiko.

"Jina lako nani, mama?"

Mwanamke akameza maji, akayatema. "Mwanne! Nilikuwa nalo siku zote, hakuna aliyeuliza!"

Akaandika. Mwinjuma aliandika polepole, ulimi nje, herufi kubwa zisizolingana, zikajaza ile nafasi ya vidole viwili na kuparamia pembeni, juu ya hatima ya Jemadari: Mwanne alivuka, akatua mzigo, akageuka, akakaa.

Halafu akaweka nukta, akaizungusha mara tatu ili isitoke.

Maji yakashuka kama vile mtu ameitwa jina lake akaondoka. Kwanza ulisikika mzigo. Tuu, chini, kishindo kizito hadi rafu zikatikisika na vitabu vitatu vya watawala vikaanguka kifudifudi. Kisha zikasikika pumzi, ndefu, moja, ya pili. Mwanne akageuza shingo kulia. Ikalia kama mlango wa zamani. Akaigeuza kushoto. Akakuta kiti, akakitazama kwa mashaka, akakaa, na magoti yakakunjika.

"Ooh," alisema. Basi. Hakuna aliyewahi kusema neno lile vizuri hivyo katika nyumba ile, na mle kulikuwa na mashairi rafu sita.

Sikudhani akakaa sakafuni palepale, kwenye maji. Shingo yake ilikuwa nyepesi. Mwinjuma alikuwa anatazama mkono wake kama si wake.

"Na ni nani atakayelifuta?" aliuliza kwa woga.

"Mfutaji."

"Mfutaji si mimi?"

"Ni wewe. Na kitabu kinakwenda wapi?"

"Ghala." Akatabasamu polepole, kama mtu aliyegundua mlango ndani ya nyumba aliyoishi miaka thelathini. "Ghalani hatuingii." Akafunga kamba nyekundu, mafundo mawili, akaongeza la tatu.

"Mzigo una nini ndani?" Sikudhani aliuliza.

"Sijui," alisema Mwanne. "Wa Jemadari. Aje auchukue."

Wakacheka tena, safari hii wote watatu. Sikudhani akafungua kanga yake ya juu ampe ajifute. Mwinjuma akachagua mkate mzima kuliko yote kapuni, akamnyooshea kwa mikono miwili. Walidhani ataomba chakula, au nguo kavu, au mahali pa kulala, au njia ya kwenda kwao, kama bado kuna kwao. Na walikuwa tayari, wote wawili, kumpa chochote, walikuwa na furaha ile inayomfanya mtu ajione tajiri.

Mwanne hakuchukua mkate wala kanga. Alikuwa ameokota kimoja cha vile vitabu vilivyoanguka, amekifungua mapajani, kimepinduka juu chini, na anapitisha kiganja kwenye ukurasa, mstari kwa mstari, kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto kutafuta panapouma.

"Mle ndani nilimotoka," alisema, bila kuinua kichwa, "tulikuwa wapagazi mia mbili. Mimi nilipata nusu sentensi. Wenzangu hawakupata hata hiyo. Nifundisheni kusoma."